Barabara ya visiwa vya Florida: tazama tuta kabla hujatazama daraja

Picha za Overseas Highway zinazozunguka mitandaoni karibu zote ni za mahali pamoja: Seven Mile Bridge ikiwa imepigwa kutoka angani, bahari ya rangi ya feruzi pande zote mbili, daraja limenyooka mpaka linapotea machoni. Ni picha nzuri, na ukifika utaona kwamba haikutiwa chumvi. Mimi ni mhandisi, kazi yangu ni kukagua madaraja yaliyojengwa juu ya maji ya bahari, na kila mtu anayepanga kuendesha gari kwenye barabara hii namwomba jambo moja. Azitazame pia zile sehemu zisizopigwa picha: matuta, yaani njia za mawe na udongo uliojazwa majini kuunganisha daraja na daraja, na miguu ya nguzo pale maji yanapozilamba. Barabara hii ilivunjikia huko mara zote ilipovunjika.

Kwanza tuelewane kuhusu njia yenyewe. Inaanzia Florida City, kusini ya Miami, inashuka hadi Key West, mji wa mwisho kabisa katika mlolongo wa visiwa vinavyoitwa Keys. Urefu wake ni kama kilomita 182, na madaraja ni 42. Upande mmoja una Atlantiki, upande wa pili una ghuba. Kando ya barabara kuna vibao vidogo vya kijani vyenye namba za maili, na namba hizo hupungua kadiri unavyoelekea kusini, hadi sifuri katikati ya Key West. Wenyeji wanaelekezana kwa vibao hivyo. Ukiuliza hoteli utaambiwa "maili 82, upande wa bahari," na hapo umeshaelekezwa. Nami nitatumia namba hizohizo ili uweze kufuata ukiwa na ramani.

Msingi wa yote ni reli. Henry Flagler, tajiri aliyepata utajiri wake katika biashara ya mafuta, alianza mwaka 1905 kujenga reli ya kuvuka visiwa hivi hadi Key West. Maji kati ya kisiwa na kisiwa mengi ni ya kina kifupi, na kwa mhandisi wa wakati ule jambo la bei nafuu lilikuwa kujaza: chimba mawe ya chokaa na matope pembeni, yamwage, yashindilie, laza reli juu. Daraja lingewekwa pale tu ambapo kina kimezidi. Maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka Bahamas na visiwa vingine vya Karibi, walifanya kazi hiyo katikati ya mbu na jua, na maji ya kunywa yakiletwa kutoka bara.

Oktoba 1906 kimbunga kiliwakuta wafanyakazi wakilala kwenye majahazi yaliyotiwa nanga karibu na Long Key. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 1909 kikaja kingine, na safari hii kilichoharibiwa vibaya ni matuta. Ni vizuri kuelewa kwa nini, maana ndiyo siri ya barabara nzima.

Upepo wa kimbunga unasukuma maji ya bahari kuelekea visiwani. Maji yakikuta mwanya kati ya visiwa viwili yanapita, yanaingia upande wa pili, na kimo chake kinapungua. Yakikuta tuta, yanasimama na kupanda. Upande mmoja wa tuta maji yanakuwa juu, upande wa pili yako chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoua. Maji yanapopanda hadi juu ya tuta na kumwagikia ng'ambo, yanaanguka kwa kasi na kuchimba mguu wa tuta kutokea upande wa nyuma, upande ambao mjenzi hakuuwekea mawe ya kukinga kwa sababu mawimbi hayapigi huko. Kisha kimbunga kinapita, upepo unageuka, na yale maji yote yaliyorundikana ghubani yanataka kurudi baharini. Tuta linapigwa mara ya pili, kutoka upande wa pili, likiwa tayari limelegea.

Wahandisi wa Flagler, wakiongozwa kuanzia 1909 na William Krome, walilisoma somo hilo kwa macho yao. Waliongeza mianya, wakaweka madaraja mahali palipokuwa pamepangwa kujazwa. Kwa hiyo urefu wa madaraja unayoyafurahia leo umetokana kwa sehemu kubwa na vimbunga hivyo. Treni ya kwanza iliingia Key West tarehe 22 Januari 1912, Flagler akiwa ndani yake, mzee wa miaka 82 aliyekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Alifariki mwaka uliofuata.

Hata hivyo, matuta mengi yalibaki, hasa kwenye visiwa vya juu.

Ukifika Islamorada, karibu na maili 82, simama. Upande wa bahari kuna mnara wa kumbukumbu wa jiwe la matumbawe lililokatwa papo hapo visiwani, umechongwa minazi inayopinda kwa upepo na mawimbi chini yake. Chini ya mnara huo wamewekwa watu waliokufa tarehe 2 Septemba 1935. Kimbunga cha siku hiyo kilikuwa na mgandamizo wa hewa wa milibari 892, wa chini kuliko wa kimbunga kingine chochote kilichowahi kupimwa kikitua nchi kavu Marekani. Maji yalipanda zaidi ya mita 5 kwenye visiwa ambavyo sehemu kubwa yake haifiki hata nusu ya kimo hicho. Waliokufa walizidi 400. Wengi walikuwa askari wastaafu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliokosa kazi, ambao serikali iliwapeleka huko kujenga madaraja ya barabara ya magari na kuwaweka kwenye kambi za mahema na mabanda ufukweni. Treni ya kuwaokoa ilitumwa kutoka bara ikachelewa. Ilipofika Islamorada maji yakaiangusha, mabehewa yakalala ubavu, ikabaki injini peke yake imesimama. Ukiendelea hadi karibu na maili 73, tazama majini: kuna nguzo za zege zimesimama zenyewe, hazibebi kitu. Ni za daraja walilokuwa wakilijenga askari wale. Mimi huwa napunguza mwendo hapo, na sijawahi kuona sababu ya kuwaficha wageni habari hii ati kwa kuwa wako likizoni.

Sasa sikiliza la kihandisi. Baada ya kimbunga hicho kiasi cha maili 40 za reli zilikuwa zimeharibika. Madaraja makubwa yalisimama. Yale matao ya zege na nguzo zilizojengwa kabla ya 1912 hayakutikisika. Kilichokwenda na maji kilikuwa tuta lililopita juu ya visiwa na kati ya visiwa. Kampuni ya reli haikuwa na fedha za kulijenga upya, ikauza njia nzima na madaraja yake kwa serikali ya jimbo kwa dola 640,000, mali ambayo ilikuwa imegharimu mamilioni mengi mno. Jimbo likalaza barabara juu ya madaraja ya treni, na mwaka 1938 magari yakaanza kupita moja kwa moja hadi Key West bila kivuko.

Namna walivyoilaza ni jambo la kwenda kulitazama kwa karibu. Pita Bahia Honda, maili 37, ingia kwenye hifadhi, panda kwa miguu hadi mwisho wa daraja kuukuu. Mkondo wa hapo ni wa kina kirefu kuliko mingine, kwa hiyo wajenzi wa reli walitumia fremu za chuma, na treni ilipita ndani yake, katikati ya vyuma. Upana wa ndani ulitosha treni moja. Magari mawili yanayopishana yasingeenea. Walichofanya ni kujenga sitaha ya barabara juu ya fremu, kwenye paa lake. Simama hapo uangalie kwa ubavuni: chini utaona njia ya treni imebaki tupu, juu yake barabara nyembamba ya zege imekaa kama dari juu ya nyumba. Kutu imekula vyuma hadi vingine vimekuwa maganda matupu, na sehemu ya daraja imekatwa ili vyombo vipite. Kwenye Seven Mile Bridge ya zamani walitumia hata vyuma vya reli yenyewe kuwa vizuizi vya pembeni. Madereva wa malori waliopishana pale walijua maana ya kukunja kioo.

Madaraja unayoendeshea leo karibu yote ni ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, yamesimama sambamba na yale ya kale. Ukiwa kwenye Long Key Bridge, maili 65, geuza macho uone matao ya reli ya Flagler pembeni yako, ambayo leo ni ya wavuvi wa ndoano na waendesha baiskeli. Lile unalopita wewe lilibuniwa na kampuni ya Figg na Muller, na liliwafundisha wajenzi wa nchi nyingi. Badala ya kumwaga zege juu ya maji, walitengeneza vipande vitupu ndani, mfano wa masanduku, huko nchi kavu, vikaletwa kwa matishari, vikapangwa kimoja baada ya kingine kutoka nguzo hadi nguzo, kisha vikabanwa pamoja kwa nyaya za chuma zilizokazwa kwa nguvu kubwa. Nyaya hizo ndizo zinazoshika kila kitu. Kazi ikawa ya haraka na nafuu. Seven Mile Bridge mpya, iliyofunguliwa mwaka 1982, ilijengwa kwa ukoo huohuo wa mbinu: karibu kilomita 11, na pale Moser Channel inainuka hadi mita 20 juu ya maji ili mashua zenye milingoti zipite chini.

Ndipo chumvi ikaingia kwenye hadithi.

Nguzo ya baharini ina maeneo matatu. Sehemu iliyo chini ya maji wakati wote haishiki kutu haraka, kwa sababu hewa ni haba. Sehemu ya juu kabisa inapata hewa lakini chumvi ni kidogo. Katikati ndipo penye shida: pale maji yanapopwa na kujaa, na juu kidogo yake mawimbi yanaporusha matone. Zege linalowa, linakauka, linalowa tena, na kila likikauka chumvi inabaki ndani. Baada ya miaka chumvi inafika kwenye nondo. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutokea ndani. Joto la Keys linaharakisha mambo hayo yote, kama linavyoharakisha Mombasa na Tanga.

Wabunifu walilijua hilo. Wakatumia nondo zilizopakwa epoksi, kitu kilichokuwa kipya na chenye sifa nzuri: rangi ngumu ya kuizuia chumvi isiguse chuma. Mwaka 1986, miaka michache tu baada ya kufunguliwa, wakaguzi waliona nguzo za Long Key zimeanza kupasuka kwenye ukanda wa mawimbi. Baadaye yaleyale yakaonekana Seven Mile, Niles Channel na madaraja mengine ya visiwa hivyo. Nondo zilikuwa zimekunjwa baada ya kupakwa, zikakwaruzwa njiani na kiwandani, na rangi ikaachana na chuma. Maji ya chumvi yakaingia chini ya rangi na kukaa humo, hayatoki. Florida ikaacha kuzitumia nondo hizo kwenye madaraja yake ya baharini.

Dawa iliyopatikana ni zinki. Kipande kilichopasuka kinabanduliwa, kisha zinki iliyoyeyushwa inapuliziwa juu ya nondo na zege, au nguzo inavalishwa koti lenye zinki ndani. Zinki huliwa na chumvi badala ya chuma. Mtu wa pwani anayejua kwa nini bati lenye zinki hudumu kuliko bati tupu ameshaelewa kanuni yake. Zinki ikiisha inapuliziwa nyingine, kwa hiyo kazi hii haina mwisho, na anayedhani daraja likishazinduliwa limekwisha hajawahi kukagua daraja la baharini. Ukisimama kwenye maegesho ya mwanzo wa Seven Mile Bridge, maili 47, shuka hadi usawa wa maji utazame miguu ya nguzo. Utatambua zilizovalishwa koti kwa unene wake pale chini. Mkaguzi akifika kwa mashua anagonga kwa nyundo. Zege zima linaitika kwa mlio mkavu, mkali. Lililoachana na nondo linatoa sauti ya mtungi mtupu, na hapo unaweka alama ya chaki na kuendelea kugonga mpaka ujue ukubwa wa jeraha.

Niles Channel, maili 26, inafundisha jambo la pili. Daraja hilo lilimalizika mwaka 1983, na mwaka 1999 wakaguzi walioingia ndani ya sanduku lake walikuta mmoja wa nyaya zile kubwa umekatika. Nyaya hizo hupitishwa kwenye mabomba ya plastiki yanayojazwa uji wa saruji ili chuma kisipate hewa. Uji ulikuwa umejitenga na maji yake ulipokuwa ukiganda, ukaacha nafasi tupu sehemu ya juu, jirani na kiungio cha kutanukia ambacho kilikuwa kikivujisha maji ya chumvi. Chuma kikaoza kimyakimya ndani ya bomba. Daraja halikuanguka, kwa kuwa nyaya ni nyingi na zilizosalia zilibeba mzigo. Tangu hapo namna ya kuchanganya na kusukuma uji huo imebadilishwa, na mkaguzi anayetambaa ndani ya sanduku la daraja anajua kuanza kwenye ncha za nyaya, karibu na viungio.

Turudi kwenye tuta. Septemba 2017 kimbunga Irma kilitua Cudjoe Key. Madaraja yote 42 yalikaguliwa na yote yakafaulu. Barabara ilikatika sehemu mbili, karibu na maili 75 na maili 37, na zote mbili hazikuwa darajani. Ni kisa cha 1935 kwa kiwango kidogo zaidi, miaka 82 baadaye. Matengenezo yalikuwa ya haraka, kwa sababu kujaza tuta ni kazi ya siku. Ila siku hizo ni siku ambazo maelfu ya watu hawana njia nyingine ya kwenda hospitali.

Kuna mahali pamoja ambapo kosa la kale limerekebishwa, nawe utapapita bila kujua. Ukitoka bara, mara tu kabla ya Key Largo, unapanda daraja refu la Jewfish Creek. Kabla ya 2008 hapo kulikuwa na daraja dogo la kufunguka na tuta la reli lililoligawa ziwa la Lake Surprise mara mbili. Lile tuta liliwasumbua wajenzi wa Flagler zaidi ya mwaka, kila walichomwaga kikizama kwenye matope. Karne moja baadaye likaondolewa, barabara ikapandishwa juu ya nguzo, na maji ya ziwa yakakutana tena. Mombasa imefanya vilevile Makupa. Tuta lile la enzi za ukoloni liliziba mkondo kwa miaka mingi, na daraja lililofunguliwa mwaka 2022 liliwekwa ili maji yapate njia ya kupwa na kujaa kama zamani. Ningependa kila mamlaka ya pwani yenye tuta kama hilo iende ikaone yote mawili kabla ya kusaini mkataba wa kujaza mahali pengine.

Kwa dereva, machache ya lazima. Utaendesha upande wa kulia, na sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, kwa hiyo hamu ya kuovertake iache nyumbani. Darajani mwendo kwa kawaida ni maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Big Pine Key punguza kama vibao vinavyosema, hasa usiku. Kuna paa wadogo wasiopatikana popote pengine duniani, na magari ndiyo adui yao mkubwa. Ondoka Miami alfajiri. Nusu ya mwisho ya njia inaelekea magharibi, na jua la alasiri litakuja usoni mwako juu ya maji yanayong'aa. Usisimame juu ya Seven Mile Bridge kupiga picha. Acha gari maili 47, tembea daraja la zamani lililokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2022, ni kama kilomita 3.5 hadi Pigeon Key, kisiwa walichokaa wajenzi wa reli. Kutoka hapo unaliona daraja jipya lote kwa ubavu.

Na Key Largo, kama utapita msimu wa maji makuu, kati ya Septemba na Novemba, ingia mtaa mmoja wa pembeni uone maji yanavyofika. Mwaka 2019 mtaa wa Stillwright Point ulikaa ndani ya maji ya bahari kwa karibu miezi mitatu, bila kimbunga. Visiwa hivi ni mwamba wa matumbawe na chokaa wenye vitundu, na maji yanapanda kupitia ardhini. Ukuta wa kuzuia mawimbi hausaidii kitu, yatatokea nyuma yake. Kinachobaki ni kuinua barabara yenyewe, na wilaya ya Monroe, inayosimamia visiwa hivi, imeanza na mitaa michache Key Largo na Big Pine. Ukiinua barabara, maji ya mvua yanaingia kwenye nyumba zilizobaki chini, hivyo unahitaji pampu na mitaro, na maji ya mitaro yasafishwe kabla ya kurudishwa kwenye bahari yenye matumbawe. Hesabu ya mtaa mmoja inakuwa ya mamilioni ya dola kwa nyumba chache. Kwa maoni yangu fedha zianzie kwenye njia kuu, kwenye zile sehemu za chini kati ya maili 72 na 78 ambako bahari iko hatua chache tu kutoka kwenye lami, kwa kuinua barabara juu ya nguzo fupi badala ya kurundika mawe upya kila baada ya kimbunga.